Maslaha ya Nafsi katika Amana ya Watu

Kijana mmoja katika wanaohudhuria darasa letu baina ya Magharibi na Isha, naye asoma ilimu ya uchumi katika chuo kikuu, alibaki nyuma usiku mmoja wenziwe walipokwisha kuondoka, akatuuliza suala ambalo hatukuweza kumjibu papo kwa papo. Alisema: "Sheikh, huko chuoni twasomeshwa ya kuwa mtu hageuki kwa kuingia serikalini. Alivyokuwa akitafuta faida yake dukani ndivyo atakavyoitafuta barazani. Waziri, karani na mpiga kura, wote mizani yao ni moja. Nanyi hapa mwatusomesha ya kuwa uongozi ni amana. Basi nisadiki lipi?"

Tulimwomba muhula, tukamwomba na vitabu vyake pia. Kiingereza chetu ni cha kujisomesha wenyewe, chatembea kwa mkongojo; lakini kijana alitusaidia palipotushinda, na tumesoma kiasi cha kutuwezesha kusema. Twaliandika jawabu hapa badala ya kumpa yeye kwa faragha, kwa kuwa suala hilo si lake peke yake. Nenda baraza yoyote ya mji wetu baada ya Alasiri, utayasikia maneno hayo hayo, wala aliyeyasema hakufungua kitabu: "Wote wezi hao, kura yako mpe akupaye."

Kwanza ni haki tuwaeleze wenye madhehebu haya kama wanavyojieleza wenyewe, kwani kumjibu mtu kwa neno ambalo hakulisema ni dhulma.

Wengi wao ni Wamarekani. Mwaka 1957 Anthony Downs alitoa kitabu alimosema ya kuwa chama cha siasa ni mfano wa duka: huweka mbele kile ambacho wateja watakinunua, na bei yake ni kura. Akaongeza jambo lililo zito zaidi. Mpiga kura mmoja katika mamilioni, alisema, ajua kuwa kura yake peke yake haitageuza kitu. Basi kwa nini apoteze siku zake kuchungua nani mkweli na nani mwongo? Akikaa na ujinga wake, kwa hisabu ya faida na hasara hakukosea. Mwaka 1962 wakaja James Buchanan na Gordon Tullock, waliokuwa wakisomesha Virginia, wakaandika kitabu juu ya namna watu wanavyokubaliana kutawaliwa. Buchanan huyu alikulia shambani Tennessee, babu yake akiwa aliwahi kuwa gavana wa jimbo hilo, na mwaka 1986 alipewa tuzo ya Nobel kwa kazi hii. Walisema: msiidhanie serikali kuwa ni kiumbe kimoja chenye moyo mmoja, kisicho na haja ila kheri ya wote. Serikali ni watu, na kila mtu ana lake. Mbunge humwambia mwenziwe, nipe sauti yako nipate daraja kwetu, nami nitakupa yangu upate soko kwenu. Na atakayelilipia daraja na soko ni mtu wa tatu, ambaye hakuulizwa.

Yafaa msomaji ajue kuwa makusudio ya Buchanan hayakuwa kuwatukana viongozi. Alilotaka ni kanuni zilizo imara, ambazo hata akiingia mtu mwenye tamaa tamaa yake isimfikishe mbali. Wengi waliomsoma wamelichukua tusi wakaiacha kanuni.

Amma yule aliyetusimamisha zaidi ni Mancur Olson, katika kitabu chake cha mwaka 1965. Yeye aliuliza: kwa nini wachache huwashinda wengi, hata pale ambapo wengi ndio wenye kura? Akajibu kuwa wachache kila mmoja wao ana kikubwa cha kupata, kwa hiyo hujikusanya, hutoa mali na huenda mbio. Na wengi kila mmoja wao hupoteza kidogo tu, kwa hiyo kila mmoja humngoja mwenziwe. Mfano wa wazi wa jambo hilo ni sukari ya Marekani. Tangu miaka mingi serikali ya huko huwekea kipimo sukari iingiayo kutoka ng'ambo, na kwa ajili hiyo bei ya sukari nchini humo imekuwa, miaka mingi, juu sana kuliko bei ya dunia. Wakulima wa miwa na viazi-sukari ni wachache, na kila mmoja wao alijua jina la mbunge wake. Mtu wa Chicago atiaye kijiko katika kahawa yake huongezewa senti chache, wala hatafunga safari ya Washington kwa ajili ya senti hizo. Atafanya hisabu ya nauli akae.

Lakini hatuna haja ya kwenda Marekani. Katika mtaa mmoja wa mji wetu pana msikiti wenye maduka ya wakfu. Aliyeyaweka wakfu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alishurutisha kodi yake iwe ya kuutengeneza msikiti na kumlipa mwalimu wa chuo. Maduka hayo yalikuwa yakikodishwa kwa kiasi kisichofika robo ya kinachotozwa ng'ambo ya njia. Miaka michache iliyopita uliitishwa mkutano wa jamaa wa msikiti ili jambo hilo litazamwe. Jamaa ni mamia. Waliokuja hawakupita ishirini, na wapangaji wote walikuwamo, kila mmoja na nduguze. Mpangaji alijua, mpaka shilingi ya mwisho, atapoteza nini kodi ikipanda. Mwenye kuja kusali, hasara yake ni zulia lililopasuka, naye husogea safu ya pili. Mkutano ulivunjika bila ya azimio.

Nasi tulikuwapo. Tulisoma Fatiha mwanzo na Fatiha mwisho, na baina ya hizo mbili hatukufungua kinywa; kwani katika wapangaji wale mmoja ni ndugu yetu, baba mmoja na mama mmoja, na duka lile ndilo lililowasomesha wanawe. Tulijiambia nafsini kuwa twaepuka fitna. Lau Olson angelikuwa amekaa kando yetu usiku ule, asingelikuwa na haja ya kubadilisha hata mstari mmoja wa kitabu chake.

Kwa hiyo hatuwezi kusimama hapa tukasema kuwa madhehebu haya ni uzushi wa makafiri. Tumeyaona kwa macho yetu, tena tukiwa ndani yake.

Na wako waliokwenda mbele zaidi wakapima hasara. Anne Krueger, katika makala yake ya mwaka 1974, alitazama laisensi za kuingizia bidhaa. Serikali ikiweka kipimo cha bidhaa, aipataye laisensi amepata faida bila ya kuzalisha kitu. Basi wenye akili na mali huacha kujenga viwanda wakaenda kukaa kwenye baraza za makarani wakingoja kuitwa. Alikadiria kuwa faida zilizogombewa hivyo katika Bara Hindi mwaka 1964 zilikuwa sawa na asilimia 7.3 ya pato la taifa, na kwamba Uturuki mwaka 1968 laisensi za kuingizia bidhaa peke yake zilifika kiasi cha asilimia 15. Kisha mwaka 1981 Robert Bates aliandika juu ya Afrika yetu. Alisema kuwa serikali nyingi ziliwalipa wakulima bei ndogo kwa mazao yao ili chakula kiwe rahisi mijini, kwa sababu watu wa mjini wako karibu na ikulu na wakikasirika hufunga njia, na mkulima yuko mbali, hana wa kumsikia. Sisi tusomao karatasi hii ni watu wa mjini. Kila siku twalalamika kuwa twadhulumiwa, na mara nyingi ni kweli. Lakini hatujapata kusikia mtu barazani akiuliza unga ule wa bei nafuu ulimpunja nani.

Hata hivyo msomaji asidhani kuwa hekima hii ilizaliwa Virginia. Ibn Khaldun, aliyeikamilisha Muqaddima yake mwaka 1377 katika ngome ya Ibn Salama, nchi ambayo leo ni Algeria, alikuwa amekwisha kuwatumikia watawala kadha wa kadha, na kukaa jela Fez karibu miaka miwili, kabla ya kuishika kalamu hiyo. Aliyaona mambo kwa ndani. Alieleza kuwa dola ikiwa changa hutoza kidogo na kupata kingi, kwa kuwa watu wana moyo wa kufanya kazi. Anasa ikiwazidi wakubwa, kodi huzidi, nyoyo za watu huvunjika, na kilichotozwa kingi huleta kidogo. Hapo mtawala huingia biashara yeye mwenyewe, akanunua kwa bei aitakayo na kuuza kwa bei aitakayo, mpaka wafanya biashara wakafilisika, na kodi yao ikafa pamoja nao. Rais Ronald Reagan wa Marekani alimtaja mwanachuoni huyu mwaka 1981 alipokuwa akitetea kupunguza kodi. Mlango wa mtawala kugeuka mfanya biashara, hatukusikia kuwa aliutaja. Na wakubwa wa nchi zetu nao hawautaji.

Wala sharia yetu haikungoja wataalamu hawa kuja kuiambia kuwa mwenye cheo ni mwanadamu. Yuko aliyetumwa na Mtume, rehema na amani zimshukie, kukusanya zaka, akarudi na mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimepewa hidaya. Mtume aliuliza mbele ya watu, kwa maana yake, mbona mtu huyo asingelikaa nyumbani kwa wazazi wake akaona kama hidaya zingelimfuata? Tazama suala hilo lilivyo kali: halikusema kuwa mtu yule ni mwizi, lilisema kuwa hidaya imekifuata kiti. Na wanahistoria wamepokea kuwa Umar bin al-Khattab alikuwa akiandika mali ya magavana wake siku anayowapa kazi, na iliyozidi baadaye akaidai maelezo, na pengine akaigawa nusu, nusu iende hazina. Magavana hao baadhi yao walikuwa masahaba. Umar hakuona kuwa kuwahesabia ni kuwavunjia heshima.

Basi mpaka hapa kijana wetu angeliweza kudhani kuwa tumejisalimisha. La. Pana mahali ambapo hisabu hii huishiwa na pumzi.

La kwanza ni kura yenyewe. Ikiwa kila mtu hufuata faida yake, na kura moja haigeuzi kitu, mtu mwenye akili asingelipanga foleni. Lakini mwezi wa Agosti 2022 katika Kenya walipanga foleni zaidi ya watu milioni 14, na wako waliofika kituoni kabla ya alfajiri. Wataalamu waliliona tatizo hili mapema. Mwaka 1968 wawili katika wao, William Riker na Peter Ordeshook, waliongeza katika hisabu fungu moja zaidi, nalo ni wajibu: kwamba mtu hupata kitu kwa kutimiza linalompasa. Nasi twafurahi kuwa wajibu umepata kiti hata huko. Ila akishakaribishwa ndani, hisabu haiwezi tena kusema kuwa faida ya mfuko ndiyo yote.

La pili, sote tumeliona. Mwezi wa Juni 2024 vijana wa nchi hii, wasio na chama kimoja wala kiongozi mmoja, walitoka mabarabarani katika miji mingi, Mombasa ikiwamo, kuupinga Mswada wa Fedha. Tarehe 25 waliingia Bungeni Nairobi, na watu wakauawa. Siku ya pili yake Rais akatangaza kuwa hatautia sahihi. Hatusemi kuwa kila lililotendwa siku ile lilikuwa sawa. Twasema kuwa hisabu ya Olson haikulitazamia, kwani kodi ikiondolewa humwondokea hata aliyelala kwake, basi kila mmoja angeliwaachia wenziwe hatari. Aliyeuawa siku ile hakupata punguzo la kodi yoyote.

Ibn Khaldun yeye hakuingia katika kosa hili. Yule yule aliyeeleza jinsi tamaa inavyoila dola ndiye aliyesema kwanza kuwa hakuna dola isimamayo ila kwa asabiya, yaani mfungamano wa watu ambao kila mmoja yu tayari kuumia kwa ajili ya mwenziwe. Sisi twaona kuwa hapa ndipo pa kushika. Hesabu ya faida yaeleza vizuri sana jinsi nyumba inavyobomoka. Ukiuliza nyumba hiyo ilijengwaje, haina jawabu. Na aliyeweka maduka yale wakfu hakupata faida yoyote iwezayo kuandikwa daftarini.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alikuwa mtu wa madhehebu haya haya. Hata aliwahi kuwa raisi wa jumuiya yao. Lakini yeye badala ya kukaa na hisabu alikwenda kutazama. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alisimulia khabari za wavuvi wa Alanya, pwani ya Uturuki, nao walikuwa kama mia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wakigombana, pengine kupigana, kwa ajili ya mahali pazuri pa kutega nyavu. Kwa miaka zaidi ya kumi wakajaribu hili na lile mpaka wakatulia juu ya kanuni hii: kila Septemba huandikwa majina ya wavuvi na majina ya mahali pote pa kuvulia, na kila mtu hupiga kura kuchukua pake. Kisha tangu Septemba mpaka Januari kila siku kila mvuvi huhamia mahali pa pili upande wa mashariki, na baada ya Januari hurudi kwa upande wa magharibi, hata kila mmoja apate zamu yake pale samaki wapitapo. Mvuvi wetu yeyote wa bandari ya kale angelifahamu hayo bila ya kuelezwa mara mbili. Na mlinzi wa kanuni hiyo ni nani? Si polisi. Ni yule ambaye leo ni zamu yake mahali pazuri, kwani akimkuta mwingine pale, yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele, na wenziwe humuunga mkono kwa kuwa kesho zamu ni yao.

Hapo utaona kuwa wavuvi hawa hawakudhani kuwa wenzao ni malaika, wala hawakukata tamaa wakasema kila mtu na lake. Tamaa waliijua, wakaipa kazi ya ulinzi. Lakini miaka ile kumi ya kukaa na kuzungumza mpaka wakapatana, hiyo haikutoka katika tamaa.

Kanuni peke yake ni kama kitasa bila ya mtu ndani. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka tume ya mishahara ili wabunge wasijikatie wenyewe, na Buchanan angeliipigia makofi. Mwaka 2013 tume hiyo iliushusha mshahara wa mbunge kutoka shilingi 851,000 kwa mwezi mpaka 532,500. Mwezi wa Mei wabunge wakapitisha azimio la kuukataa uamuzi huo. Watu wenye hasira wakaleta nguruwe mbele ya Bunge, mnyama ambaye hatupendi kumtaja katika karatasi hii lakini historia imekwisha kumwandika. Mwezi wa Juni wakapatana: mshahara ubaki 532,500, na kila mbunge apewe shilingi milioni tano za kununulia gari. Mlango ulifungwa kweli, dirisha likafunguliwa. Na pale dirishani hapakuwa na mtu, kwa sababu wengi wetu tulikuwa tumekwisha kurudi nyumbani tukisema wote ni wezi.

Neno hilo, "wote wezi", ndilo tulilomwonya nalo kijana wetu. Linaonekana kuwa ni ukali juu ya wakubwa, nalo kwa hakika ni msamaha. Likiwa wote ni wezi, mwizi huyu hana kosa la pekee. Na mimi nikichukua mia tano za mgombea nimetenda kama watendavyo watu. Na sheikh akinyamaza mkutanoni kwa ajili ya nduguye, naye yumo katika kanuni ya maumbile. Tulimwambia: vitabu vyako vichukue, navyo vina nuru. Vitumie kama Umar alivyotumia daftari lake, kuwaandikia wengine na kujiandikia wewe. Lakini usimruhusu mtu yeyote, mzungumzaji wa barazani wala mwalimu wa chuoni, akufanyie vitabu hivyo kuwa hati ya ruhusa.

Alitusikiliza kwa adabu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, habari za maduka. Kumbe mtaani wote wanajua.

Tumewaandikia wenye kuusimamia msikiti ule barua ya mambo mawili. La kwanza, kwamba orodha ya maduka, jina la kila mpangaji na kodi aitoayo, isomwe kila miezi mitatu baada ya sala ya Ijumaa. Kwani pale jamaa wameshakuja, hapana aambiwaye afunge kazi yake ahudhurie mkutano. Hili tumelichukua kwa Olson, na hatuoni haya kusema hivyo. La pili, kwamba mkataba wa duka ukiisha, duka litiwe mnadani hadharani. Wamekubali lile la kwanza. La pili wasema watalitazama.

Ndugu yetu alikuja nyumbani siku ya Jumatano. Alikunywa kahawa, akauliza khabari za watoto, kisha akasema amesikia kuwa sisi ndio tutakaoisoma orodha Ijumaa ya kwanza. Tukamwambia ndivyo. Akauliza kama majina yatasomwa kwa herufi au kwa nambari ya duka. Tukamwambia kwa nambari ya duka. Duka lake ni la kwanza.